Njia ya Mwongo ni Fupi



Wazee wetu walisema: Njia ya mwongo ni fupi. Maana yake twaijua: mwongo hafiki mbali, hukamatwa njiani. Lakini siku hizi methali hiyo imepata maana nyingine, ambayo wazee hawakuiwaza. Wako watu ambao kazi yao ni kufupisha njia. Motokari imetembea kilometa 200,000, nao huifanya iseme kwamba imetembea 89,000 tu. Njia iliyokuwa ndefu imekuwa fupi, na bei iliyokuwa ndogo imekuwa kubwa.

Mtasema: Mwalimu, mambo hayo yatuhusu nini sisi watu wa jembe? Mimi pia nilisema hivyo, mpaka tuliponunua kamioneti kijijini kwetu. Leo nataka kuwaeleza habari ile, kisha tuulizane neno moja: Je, mtu aweza kusema uwongo bila kufungua kinywa?

1. Habari ya kamioneti yetu

Kijijini kwetu kuna shirika la wakulima, nyumba 42. Twalima kahawa na mihogo, na soko la mjini liko mbali. Kila msimu sehemu kubwa ya faida ililiwa na gharama za motokari za kukodi. Basi tukakusanya fedha kwa muda wa miaka mitatu. Mmoja aliuza mbuzi wake, mwingine alitoa fedha yote ya kahawa ya msimu mmoja. Mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, alileta fedha yake kidogo kidogo, imefungwa katika pindo la kitambaa. Mwishowe tulipata dola 4,200. Watu wakanichagua mimi pamoja na wazee wawili kwenda mjini kununua. Walinichagua mimi kwa sababu najua kusoma.

Huko mjini tuliona kamioneti nyeupe iliyotoka Japani. Usukani wake ulikuwa upande wa kuume, kama motokari nyingi zinazofika Kivu kwa njia ya bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Rangi yake iling'aa. Mwuzaji alikuwa mtu mpole, mwenye heshima kwa wazee. Alituonyesha namba katika dirisha dogo mbele ya usukani: 89,214. Akasema, "Wazee wangu, tazameni wenyewe. Mimi sisemi neno. Namba yajisema."

Tukatazama, tukaamini, tukalipa.

Baada ya majuma sita injini ilianza kulia vibaya, tukampelekea fundi. Fundi yule alikuwa kijana, lakini alijua kazi. Kabla ya kugusa injini alifungua mlango wa dereva, akapangusa mavumbi na mafuta katika ubavu wa mlango, akaniita: "Mwalimu, njoo usome." Palikuwa na karatasi ndogo imebandikwa, yenye maandiko ya Kijapani ambayo sikuyajua. Lakini tarakimu nilizijua: 27.6.12, na chini yake 198,350 km.

Fundi akanieleza. Garaji za Japani hubandika karatasi kama ile wanapobadilisha mafuta ya injini, wakiandika siku na kilometa. Tena Wajapani wana desturi ya kuhesabu miaka kwa kufuata utawala wa mfalme wao mkuu. Enzi iliyoitwa Heisei ilianza mwaka wa 1989 na kuisha mwaka wa 2019. Ukitaka kujua mwaka wetu, chukua mwaka wa Heisei uongeze 1988. Basi 27 ni mwaka wa 2015. Yaani siku ya 12 Juni 2015 kamioneti ile ilikuwa imekwisha kutembea kilometa 198,350. Miaka mingi baadaye ikauzwa kwetu nayo yasema 89,214.

Mtu aliyekuwa na miaka hamsini hawezi kurudi kuwa na miaka ishirini. Motokari nayo haiwezi. Namba iliyorudi nyuma imerudishwa na mkono wa mtu.

2. Namba ile ni shahidi

Tusikilize kwanza jinsi chombo kile kifanyavyo kazi, maana asiyejua kitu hawezi kukihukumu vema.

Katika motokari za zamani palikuwa na waya mrefu uzungukao, utokao katika giaboksi mpaka mbele ya dereva. Magurudumu yakizunguka, waya huzunguka, nao husukuma vigurudumu vidogo vyenye tarakimu. Mwenye kutaka kudanganya alifungua chombo akarudisha vigurudumu kwa mkono. Mara nyingi tarakimu hazikukaa tena katika mstari mmoja, na mwenye macho aliona. Motokari nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990 zina hesabu iliyoandikwa kwa umeme katika kumbukumbu ya chombo. Mdanganyifu huunganisha kifaa chake na motokari, huandika namba aitakayo, na kwa dakika chache kazi imekwisha. Hakuna tarakimu iliyopinda wala alama ya bisibisi.

Kwa nini namba ile ina thamani? Kwa sababu ni shahidi wa uchovu wa motokari. Vitu vingi ndani yake hubadilishwa kwa kufuata kilometa. Kuna mkanda uendeshao sehemu za ndani za injini. Katika kamioneti yetu, ulipasa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Sisi tuliona 89,214, tukasema: bado tuna kilometa 10,000 na zaidi. Fundi alipoufungua mkanda ule aliukuta umepasuka-pasuka kama udongo wa kiangazi. Akasema: "Ungekatika mkiwa katika mteremko, injini ingezimika ghafula, usukani ungekuwa mzito, na breki zingepungua nguvu."

Wanaojua njia ya Bukavu kwenda Uvira waufikirie mteremko wa Ngomo, ulivyo na makona na mabonde. Wafikirie kamioneti yenye magunia, na juu ya magunia wameketi akina mama na watoto. Aliyeibadilisha namba ile hakuwaona watu hao. Alikuwa mbali, pengine ng'ambo ya bahari. Lakini mkono wake ulifika mpaka kwao. Ubaya wa uwongo wa namna hii ni kwamba haumalizii mfukoni. Waweza kumaliza uhai wa mtu.

3. Kikao cha shirika

Tuliporudi kijijini tulikutanisha watu wote, tukawaeleza. Kwanza tulikuwa tumekwisha kumwendea mwuzaji. Hakukana wala hakukubali. Alisema tu, "Mimi pia niliinunua hivyo." Huenda ni kweli. Yeye aliipata kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine, na uwongo ule umepita mikononi mwa wengi wala hakuna asemaye, "Ni wangu." Ni kama mtoto aliyeachwa njiani: kila mtu amemwona, hapana aliye mzazi wake.

Hatukuwa na fedha ya kutengeneza yote yaliyochakaa, kwa hiyo tulipatana kuiuza kamioneti. Mtu mmoja, asiyejua habari ya karatasi ile, alikuwa amekwisha kutaja bei ya dola 3,800. Fundi alisema kwamba ikiuzwa kwa kweli yake haitapita 2,600. Tofauti ni dola 1,200. Kwa nyumba 42, ni karibu dola 29 kwa kila nyumba. Mtu wa mjini aweza kuzicheka dola 29. Kwetu ni chumvi na sabuni ya miezi mingi, na karo za watoto.

Hapo mashauri yakagawanyika.

Mzee mmoja alisema: "Sisi hatukugeuza namba. Tuliikuta hivyo. Tuiuze kama tulivyoinunua, bila kusema neno. Mnunuzi ana macho yake."

Kijana mmoja alisema: "Karatasi ile yabanduka kwa maji ya moto. Tuibandue, mambo yamekwisha."

Mwingine akasema: "Tulidanganywa. Kumdanganya mwingine ni kurudishiwa mali yetu tu."

Nami, wapenzi wasomaji, sitaficha: niliposikia dola 1,200, moyo wangu ulikwenda upande wao kwa kitambo. Maana mimi ndiye niliyesoma namba na kuwaambia wazee, "Ni nzuri, tulipe."

4. Tupime neno kwa neno

Yafaa tutenge watu wanne, kwa maana hatia yao si moja.

Wa kwanza ni yule aliyegeuza namba. Huyu amefanya maovu mawili kwa tendo moja. Amemshuhudia jirani yake uwongo, na amechukua mali ya jirani yake, yaani ile fedha iliyozidi thamani ya kweli. Ninyi mnaojifunza Amri mwaona kwamba amevunja ya saba na ya nane pamoja. Hana udhuru, kwa sababu hakuna anayerudisha namba nyuma kwa bahati mbaya.

Wa pili ni yule aliyeikuta namba imegeuzwa, akajua, akauza akiwa kimya. Wengi humhesabu huyu kuwa hana kosa, kwa kuwa kinywa chake hakikutamka uwongo. Lakini tuulize: Uwongo ni nini? Ni kutaka mwenzako aamini jambo ambalo wewe unajua si kweli. Kinywa ni chombo kimoja tu cha kazi hiyo. Mtu aweza kusema uwongo kwa kichwa, kwa kidole, hata kwa namba. Ukimwuliza mtu, "Njia ya sokoni ni hii?" naye akaonyesha kwa kidole njia ya porini, je, utasema hakusema uwongo kwa sababu alinyamaza? Mwuzaji aliyesema, "Namba yajisema," naye akijua kwamba namba yasema uwongo, ameikodisha namba iwe kinywa chake.

Wa tatu ni yule asiyejua kwa hakika, lakini ana shaka, wala hataki kuchunguza, kwa sababu akijua itampasa kusema. Huyu hufumba macho ili aweze kuapa kwamba hakuona. Dhamiri yake haiwi safi kwa ajili hiyo. Mtu hawezi kujificha nyuma ya ujinga alioutafuta mwenyewe.

Wa nne ni yule ambaye kweli hajui, tena hakuwa na sababu ya kushuku. Huyu hana hatia. Tena yafaa kukumbuka kwamba namba yaweza kukosea bila dhambi ya mtu. Chombo cha zamani chenye tarakimu tano kikifika 99,999 hurudi 00,000 chenyewe. Chombo kilichokufa hubadilishwa, na kipya huanza upya. Motokari iliyotoka Uingereza huhesabu kwa maili, na maili moja ni zaidi ya kilometa moja na nusu: 100,000 za maili ni karibu kilometa 161,000. Kwa hiyo tusimwite mtu mwizi kwa sababu ya shaka tu. Hukumu ya haraka nayo ni uwongo, maana hushuhudia jambo ambalo hujaliona.

Ndiyo sababu hatukumwita mwuzaji wetu mwizi mbele ya watu. Hatukujua yu wapi kati ya wa pili, wa tatu na wa nne. Lakini sisi wenyewe tulijua mahali petu. Baada ya kuisoma karatasi ile, hatukuweza tena kuwa wa nne.

5. Kuchunguza si matusi

Sasa nataka kusema juu ya mnunuzi, maana mimi nilikuwa mnunuzi.

Kwetu mtu huona haya kuchunguza sana. Husema moyoni, "Nikikagua kila kitu, mwuzaji ataona namdharau." Lakini je, mama auzaye unga sokoni hukasirika ukitazama kama kopo lake lina tako la kweli? Mama mwaminifu hulipindua mwenyewe ili uone. Anayekasirika ndiye mwenye sababu ya kukasirika. Kuchunguza ni kumheshimu mwenye kweli, kwa kuwa ni yeye apataye faida ya kujulikana. Tena ni wajibu, hasa kama fedha unayoichukua si yako. Mimi nilibeba fedha ya nyumba 42, nikasoma namba moja tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi ni nini kingenipasa kufanya? Nayaandika hapa, ili kijiji kingine kisikose kama sisi.

Fanyeni kwanza hesabu ndogo. Gawanyeni kilometa kwa miaka ya motokari. Motokari ya miaka 12 yenye kilometa 60,000 ingekuwa imetembea 5,000 kwa mwaka, yaani chini ya 14 kwa siku. Yawezekana, kama mwenyewe alikuwa mzee akaaye nyumbani. Lakini kamioneti ya kazi haiketi nyumbani. Hesabu hiyo haithibitishi kitu, hufungua swali.

Kisha tazameni mahali pashikwapo na mwili wa mtu. Mpira wa vikanyagio ukiwa umelika mpaka chuma chaonekana, usukani ukiwa umelainika kama mpini wa jembe la zamani, kiti cha dereva kikiwa kimebonyea upande wa mlango, nayo namba yasema 60,000, mojawapo yadanganya, wala si vikanyagio. Jihadharini pia na vikanyagio vipya kabisa katika motokari kuukuu. Ulizeni kwa nini vilibadilishwa. Ninyi wakulima mna ujuzi huu tayari. Nani kati yenu hawezi kutambua jembe la miaka kumi, hata likipakwa rangi?

Tena someni matairi. Ubavuni mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2317 maana yake juma la 23 la mwaka wa 2017. Matairi peke yake hayatoi hukumu, maana hubadilishwa; lakini hujibu swali mojawapo.

Tafuteni karatasi zilizobandikwa: ubavuni mwa mlango, chini ya kifuniko cha injini, karibu na mkanda. Ombeni daftari ya matengenezo. Mpelekeeni fundi asiye ndugu wala rafiki wa mwuzaji. Fundi mwenye kifaa cha kusoma kumbukumbu za motokari aweza pengine kuona hesabu nyingine, kwa kuwa katika motokari nyingine kilometa huandikwa zaidi ya mahali pamoja, na mdanganyifu mwenye haraka hubadilisha pale paonekanapo tu.

Mwisho, ulizeni hati za kule ilikotoka. Katika Japani motokari ya mtu binafsi hukaguliwa kwa amri ya serikali inapotimiza miaka 3, kisha kila miaka 2, na kilometa huandikwa katika cheti. Ikiuzwa mnadani, mkaguzi wa mnada huandika karatasi yenye kilometa na makosa yote ayaonayo, hata akishuku kwamba namba imechezewa. Ikitoka nchini, hati ya kuitoa nayo ina mahali pa kilometa. Motokari yetu haikuwa na hati hata moja. Tulipouliza, tuliambiwa zimepotea bandarini. Tulipaswa kusimama hapo.

6. Yale mataifa mengine waliyojifunza

Msifikiri kwamba ubaya huu ni wa Afrika. Ulianza huko zinakotengenezwa motokari, na huko ndiko walikoanza kupigana nao.

Marekani ilikataza kwa sheria ya nchi nzima, tangu mwaka wa 1972, kurudisha nyuma hesabu ya motokari. Tena mwuzaji hulazimika kuandika kama namba ni ya kweli, na akijua si ya kweli, aandike hivyo.

Ubelgiji ilitunga sheria mwaka wa 2004. Tangu tarehe 1 Desemba 2006, auzaye huko motokari iliyotumika sharti ampe mnunuzi hati iitwayo Car-Pass. Hati hiyo huonyesha kilometa zilizoandikwa siku baada ya siku, kwa kuwa kila garaji itengenezayo motokari, na kila kituo cha ukaguzi, hulazimika kupeleka namba waliyoiona. Shahidi mmoja aweza kuhongwa. Mashahidi kumi wasiojuana ni vigumu.

Lakini sikilizeni neno hili. Mwaka wa 2018 Bunge la Ulaya lilishughulikia jambo hilo, likataja makadirio ya wachunguzi: katika motokari 100 zilizotumika zinazouzwa ndani ya nchi ile ile, 5 mpaka 12 zimefupishwa kilometa, lakini katika zile zinazouzwa kuvuka mpaka, ni 30 mpaka 50. Kwa nini? Kwa sababu mpakani mashahidi hubaki nyuma. Motokari huvuka, daftari haivuki. Basi fikirini motokari iliyovuka bahari na nchi mbili tatu mpaka kufika kwetu milimani, ni mashahidi wangapi ilioacha njiani.

Kwa hiyo, mahali ambapo hapana hati wala kituo, shahidi aliyebaki ni mmoja: ni mtu aliyeiuza, na dhamiri yake. Sheria ya Wabelgiji haituhusu, wala hapana mkaguzi wa kuja kijijini kwetu kusoma ubavu wa mlango. Tukiibandua karatasi ile, hapana atakayejua hata siku moja. Hapo ndipo mtu ajulikanapo kama ni mkweli, au alikuwa mwenye kuogopa tu.

7. Majibu kwa wasemao vingine

Wasema: "Kila mtu hufanya hivyo." Tujibu: Kama kila mtu afanya hivyo, basi kila mtu hununua uwongo kwa fedha ya kweli. Faida uliyopata kwa kuuza utaipoteza siku ya kununua.

Wasema: "Mnunuzi ana macho." Tujibu: Ni kweli, na imempasa ayatumie. Lakini uvivu wa macho yake hauwi ruhusa ya mkono wako. Mtu aliyesahau kufunga mlango amefanya ujinga. Aliyeingia na kuiba amefanya wizi.

Wasema: "Sisi ni maskini, na tulidanganywa kwanza." Tujibu: Umaskini wetu ni wa kweli, na haki yetu ni ya kweli, lakini haki hiyo tunaidai kwa yule aliyetudhulumu. Mtu wa tatu hakutudhulumu kitu. Ukiibiwa mbuzi na jirani wa kuume, huendi kuiba mbuzi wa jirani wa kushoto.

Wasema: "Basi, tuandike namba tunayofikiri ni ya kweli." Tujibu: Hapana. Namba ya kweli imepotea, wala hakuna mtu awezaye kuirudisha. Twajua tu kwamba si chini ya 198,350. Mtu mkweli husema anachojua, husema pia asichokijua, wala hazibi shimo la kutojua kwa neno la kubuni.

8. Mwisho wa kikao

Katika kikao kile watu walisemezana mpaka jua likashuka. Ndipo yule mama mjane akasimama. Hakuwa na desturi ya kusema mbele ya wazee. Akasema:

"Baba zangu, na wewe Mwalimu. Fedha yangu ilipotea siku ile mlipoiamini namba. Nimekwisha kuililia. Lakini huyo atakayenunua ametumwa na nani? Labda naye ametumwa na watu wa kijiji chake. Labda huko nako yuko mwanamke aliyefungua kitambaa chake. Sitaki kula fedha yake."

Akaketi. Kijana wa maji ya moto akainamisha kichwa. Mzee yule wa kwanza akanyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Andika, Mwalimu."

Nikaandika katika karatasi: Kilometa za kweli za kamioneti hii hazijulikani. Mwezi wa Juni 2015 zilikuwa 198,350. Namba ionekanayo si ya kweli. Tukaifunga karatasi ile kwenye usukani, na ile ya Kijapani tukaiacha pale pale mlangoni. Mtu wa dola 3,800 aliisoma, akaenda zake. Baada ya majuma matatu alikuja mwingine pamoja na fundi wake, akatazama kila kitu, akabisha bei, akalipa dola 2,600.

Sitawadanganya kwa kusema kwamba wema huo ulitulipa. Haujatulipa. Nyumba mbili zilitoka katika shirika kwa hasira. Mpaka leo twakodi motokari za wengine, na twaanza tena kukusanya fedha. Lakini kamioneti ile sasa yaendeshwa na mtu ajuaye mkanda wake una umri gani, na akina mama waketio juu ya magunia wana dereva asiyedanganywa. Uwongo uliotoka mbali, uliopita mikono mingi na mipaka mingi, ulifika kijiji kimoja kidogo milimani, ukakuta watu maskini, ukaishia pale.

Njia ya mwongo ni fupi, wapenzi wasomaji. Lakini haijifupishi yenyewe. Lazima asimame mtu mahali fulani, akubali hasara, na kusema: Haupiti hapa.

Maulizo ya kujibu pamoja na mwalimu wenu:

1. Je, yawezekana kudanganya kwa kunyamaza? Toeni mfano wa sokoni kwenu.
2. Mtu mwenye shaka ambaye hataki kuchunguza, dhamiri yake yasemaje?
3. Kwa nini kuchunguza kitu kabla ya kununua si kumtukana mwuzaji?
4. Kama ungekuwa katika kikao kile, na nyumba yako ikose dola 29, ungesema neno gani?